Mshipi Wako wa Kanisani

Baba Nyaboke,

Nimejifungia jikoni nakuandikia, maana huko nje sina uso wa kutazama watu. Leo ndugu zako walikuja kugawana nguo zako.

Unamkumbuka yule mbwa mdogo uliyemleta kutoka Keumbu kabla hujalazwa hospitalini? Ulisema, "Huyu asipofundishwa, kuku wa majirani watakwisha." Basi ukaniachia kazi. Nilimwita Simba, nikaanza na kamba ya mkonge. Ikamchubua shingo hadi nikamwonea huruma. Ya mgomba akaitafuna, akaenda zake kwa kuku wa Mama Kemunto. Sokoni Nyamache nikanunua mnyororo, kumbe ni wa ng'ombe! Maskini, akawa anauburuta kichwa chini kama mfungwa. Nilichohitaji ni ngozi, pana na laini, yenye matundu ya kulegeza akikua.

Tulipokwisha kukuzika, nikaukata mshipi wako wa kanisani. Kipande kimoja nikamvika shingoni, kingine nikakishona kwenye kamba kiwe cha kumshikia. Na alifundishika, mume wangu. Keti, anaketi. Njoo, anakuja, hata kuku wakimpita puani.

Leo shemeji Ogeto akauliza mshipi uko wapi. Nikasema labda ulipotelea hospitalini. Mara Simba akaingia, akaketi mbele ya wazee vizuri kabisa, shingo juu. Ogeto akautambua.

"Nguo ya ndugu yangu umemvika mbwa?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mama yako akaondoka bila kugusa chai yake. Nilitamani ardhi inimeze. Uongo, tena mbele ya mama yako!

Nikamshika Simba kamba, nikaja naye huku jikoni. Wewe nakwambia. Fundi wa viatu anauza vipande vya ngozi, na nilijua. Lakini nilijua pia kwamba siku hii ingefika, na Ogeto ana kiuno kama chako. Ningewezaje, kila Sabato, kumwona kwa nyuma akiingia kanisani, nidhani ni wewe, kisha ageuke?

Naona aibu hata kuandika hivi.

Kesho nitamwendea mama yako, nimwombe radhi na kumwambia ukweli wote. Hilo nakuahidi. Akiniambia niurudishe mshipi, hapo ndipo nitakuwa mkaidi.

Lala salama, baba watoto wangu.

Mama Nyaboke