Kuhusu Macho ya Baba

Shauri Moyo,
Nairobi.
9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Nzau,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko Juba? Kamene na watoto hawajambo? Sisi tunakula na kutembea, basi tuseme ni wazima. Mvua bado, na maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa tu.

Kazi ya dizeli inaendelea. Asubuhi napitia vibanda vya chipsi kukusanya mafuta yaliyochoka. Nayachuja kwa kitambaa, nayachemsha mpaka yaache kurukaruka, maana maji yakibaki humo unapata sabuni badala ya dizeli. Kisha nachanganya methanoli, ile spiriti ya sumu isiyonyweka, na kostiki ya kutengenezea sabuni, natia, naacha yatulie. Uchafu mzito unazama, dizeli inabaki juu. Mahmud wa Kariokor anaiweka kwenye injini ya kinu chake cha unga na anaisifu, ila anasema kwa harufu ya moshi wake wateja wanatamani viazi siku nzima. Zamani ningecheka.

Sasa macho ya Baba. Kwa simu nilikwambia ni presha ya macho. Nilidanganya, kwa sababu nikikupigia huwa amekaa ubavuni mwangu. Ndiyo maana nimempa Jimale, jirani yetu wa malori, akuletee barua hii mkononi.

Methanoli nilikuwa naipima kwa chupa tupu ya wiski, ujazo wake ulinifaa. Sikuandika kitu juu yake, na siku ile niliiacha mezani ikiwa imejaa. Nawe unamjua Baba, mzee wa kanisa mbele za watu, lakini chupa haimpiti. Alipiga mafunda machache, akairudisha pale pale, akanyamaza. Angesemaje, na cheo chake? Kesho yake alilalamika kwamba sijawasha taa. Ilikuwa saa sita mchana.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alinusurika kifo, macho yakaenda. Daktari aliniita pembeni akaniambia ni methanoli, na kwamba tungemfikisha mapema pengine angeona. Baba hajui. Anaamini alikunywa wiski ya wizi, Mungu akamwadhibu.

Jumapili iliyopita aliomba kutoa ushuhuda. Nilimshika mkono nikampeleka mbele. Akatubu wizi, akatubu ulevi, akawasihi vijana wajifunze kwake. Watu walilia. Mimi nilisema amina pamoja nao, nikamrudisha kitini. Najua nilipaswa kuona aibu, kaka. Sikuona chochote. Ni ganzi tu, tangu siku ile.

Shangazi Kavinya anawasalimu, na Mutie wangu pia. Mbusu mtoto mdogo kwa niaba yangu. Mungu awafunike ninyi nyote.

Nijibu kwa barua. Baba anazipenda barua zako, na siku hizi mimi ndiye ninayemsomea. Ukiona inafaa ajue jambo hili, liandike humo. Nitasoma kila neno.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Ndanu