Mashahidi wa Jengo la Ngazi Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha majengo. Nafasi zimebaki tatu kwenye ensaiklopidia yetu ya mji, majengo yanayozigombea kumi na moja! Benki ya zamani imepita bila jasho. Nikapendekeza Jengo la Ngazi Mbili. Bwana Ushahidi — tumembandika jina hilo kwa sababu hata chai huitilia shaka — akauliza limeandikwa wapi. Kanuni ni mashahidi wawili wa maandishi, kila mmoja kivyake. Ninaye mmoja, kijarida cha wauguzi. Na baraza la mji limeshatamka: lisilokuwamo kitabuni halilindwi, barabara mpya inapita hapohapo. Wote wanajua shangazi yangu anaishi pale. Nikajikaza nisipandishe sauti.

Jumanne, 5 Machi
Kwa shangazi. Lilikuwa bweni la wauguzi: zamu ya usiku wapandie huku, ya mchana washukie kule, wasiamshane. Nikamweleza kanuni. Akaacha kukunja shuka. Kwani yeye si shahidi, na amekaa humu tangu usichana? Si wa maandishi, nikamwambia. Basi andika ninayosema, akanijibu. Shangazi! Hilo ndilo tunalokatazwa, kujiandikia ushahidi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempata wa pili! Gazeti la Jumapili, ukurasa mzima! Bwana Ushahidi kalisoma mara mbili, akaenda kujitolea nakala. Nikampigia shangazi papo hapo. Vigelegele vyake vimenizibua sikio.

Alhamisi hiyohiyo, jioni
Nimelisoma tena, polepole. "Ngazi zilizopeana mgongo kama waliogombana." Maneno yangu hayo! Ya rasimu yetu, tuliyoiweka mtandaoni mwezi uliopita watu watoe maoni. Mwandishi kanakili yote, hata kosa langu la ghorofa tatu badala ya nne. Tumejitolea ushahidi wenyewe. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika kikaoni, daftari gotini. Bwana Ushahidi kasimama na gazeti mkononi. Anasema alinibana bure, ananiomba radhi mbele ya wote. Yeye, radhi! Bora angenitukana.

Mikono yote juu. Limepita — bado desturi yetu moja tu: aliyependekeza asimame, athibitishe kwa kinywa chake kwamba mashahidi hawakunakiliana wala hawakutunakili sisi.

Simu inatetemeka. Ujumbe wa shangazi. Anauliza anunue rangi ya kuta, au asubiri?

Mhariri Mkuu ananiita. Kwa mara ya pili. Bwana Ushahidi ananivutia kiti nyuma nipate kusimama, anatabasamu —