Mfalme Mwomba Radhi

Mpwa wangu,

Pokea salamu, na pole kwa kazi. Nimeitazama mtandaoni ile tamthilia ya kale mliyoirekodi upya sebuleni kwangu. Kiti changu kimetoka vizuri.

Mfalme wenu katili amevaa koti langu, na kabla ya kumuua mtu husema, "Niwie radhi, mwanangu," kwa sauti yangu na kikohozi changu. Watazamaji wamecheka sana. Malkia anayekufa kwa kumvumilia amevaa gauni la marehemu mke wangu, lile uliloliazima ukisema, "Mjomba, ni la kupimia tu."

Nasikia Jumapili mnakuja kurekodi sehemu ya pili. Gauni lirudishe likiwa limefuliwa, ulipitishe dirishani. Niwie radhi, mwanangu, kufuli la mlango nimelibadilisha.

Nabaki kwa heshima,
Mjomba wako