Mtu wa Maswali

Chole, Mafia
Shaabani, 1326

Kwa dada yangu Bi Jokha binti Jabir, Unguja.

Shikamoo, dada, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walio chini ya dari lako. Natumaini kile kikohozi sasa kinakuacha ulale. Sisi tu wazima. Baba anakula na kulala vyema, ila kumbukumbu haijamrudia. Barua yako imefika, nawe wauliza kama uje kumchukua. Nilikuwa nimekwisha kuandika jibu: kwamba maadamu hamtambui yeyote kati yetu, kukaa kwako au kwangu ni mamoja kwake. Sijalipeleka, kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwa Mabanyani, ambalo sijaacha kulitafakari.

Unawakumbuka Velji na nduguye Damodar, wauza nguo jirani zetu. Velji hutumikia sanamu ndogo ya Krishna, ambaye kwao ni Mungu katika umbo la mtoto: humwamsha, humwogesha, humlisha, na mchana humfungia pazia apumzike. Damodar hafanyi hayo. Yeye hushikilia kuwa Mungu hana umbo wala njaa, na kwamba humfikia yule tu anayepambanua kwa akili kilicho cha kweli na kisicho cha kweli. Ndiyo maana napenda mazungumzo yake, na hoja zake huzipima kama nilivyofundishwa kuzipima. Velji hutucheka. Husema sisi wawili tumeizunguka nyumba miaka yote tukibishana kama mwenyewe yumo, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

Mwezi uliopita Velji alishikwa na homa, asiweze kusimama. Akamsihi nduguye amlishe mtoto. Damodar alikubali kwa kumhurumia mgonjwa, akanialika niketi mlangoni mwa ua, mbali na jiko, maana kwao mgeni hakikaribii chungu cha mtoto huyo, nishuhudie mwenye hoja akigeuka yaya. Alipika wali na dengu kwa uangalifu mkubwa. Kisha, kama mpishi yeyote, akachota kidogo akaonja chumvi.

Velji alimwona kutoka kitandani. Akapiga ukelele, machozi yakamtoka, akaamuru chungu chote kimwagwe. Kwao chakula cha Mungu hakionjwi kabla hajapewa. Damodar akamuuliza, kwa ukali kidogo, atajuaje basi kama kimekolea. Velji akamjibu kuwa hatajua, ampe tu. Akaongeza: Wewe kila kitu wataka kukipima kwanza ndipo utoe, na kwa hiyo hujatoa kitu tangu uzaliwe.

Nilitazamia Damodar amjibu, kwani jibu alikuwa nalo. Hata mimi nilikuwa nalo. Badala yake alinawa mikono, akachochea moto upya, akapika tena bila kuonja. Baadaye, Velji akiwa bado kitandani, nilikwenda mchana kuendeleza mjadala wetu, nikapiga hodi kwa sauti kubwa. Damodar akatoka mbio, kidole mdomoni, akaninong'oneza kwamba mtoto amelala. Nikamuuliza kama sasa amethibitisha kuwa kuna aliyelala. Akasema hapana, hajathibitisha. Ila nipunguze sauti.

Usidhani, dada, kwamba imani yangu imetikisika. Sanamu kwangu ni sanamu. Lakini nilirudi nikimwaza Baba. Sikupata kukueleza kwamba kila asubuhi, kabla ya uji, humuuliza: Baba, mimi ni nani? Asiponijua, humwachia bakuli Mwanaharusi, mpishi wetu, amlishe, nami huenda darasani. Juzi alinijibu: Kwani wewe si yule mtu wa maswali? Mwanaharusi alicheka hata akamwaga uji. Mimi sikucheka.

Leo nimelishika bakuli mwenyewe, wala sikuuliza neno. Aliumaliza uji wote, nikamfuta ndevu. Kisha akanisogelea, kama mtu anayetoa siri, akaniuliza: Yule mtu wa maswali hakuja leo?

Nikamwambia hakuja.

Basi lile jibu nimelichana. Njoo, dada, lakini njoo ukae nasi, usije kumchukua. Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaotukumbuka. Baba naye anakusalimu sana. Salamu hizo nakuletea kwa niaba yake, bila kumuuliza.

Nduguyo akupendaye,
Awadh bin Jabir