Safari Hii Waliuliza Kabla ya Sindano

Mama Upendo, mke wangu,

Nina miaka sabini na saba na bado nagema mwenyewe ulanzi wa mianzi. Kodi ya kichwa nimeizika, Wazungu wa mashamba ya miti ya miwati nimewazika, foleni za sukari nimezizika, hata chama cha ushirika nimekizika. Wewe tu ndiye sikuomba kukuzika.

Barua hii ni ya mkono wangu. Ulikuwa unanicheka kwenye kisomo cha watu wazima, eti herufi zangu zimelala kama ng'ombe waliochoka. Haya, cheka tena.

Unakumbuka neno lako la mwisho pale hospitali ya Ikonda: "Mtoto asitangazwe." Macho ya Upendo yamezima kabisa sasa, kama ya mama yako, yakianza kwa kutoona kwenye kiza cha jioni. Kwa watu tulisema ni moshi wa jikoni. Moshi huo nimeulinda, mke wangu, kama mtu anavyolinda mahindi yasiliwe na nyani.

Basi wakaja madaktari kutoka Dar es Salaam. Wanataka damu ya tarafa nzima, watafute magonjwa yanayotembea na ukoo. Nikakumbuka wale wa zamani waliokutoboa mkono wakaondoka, nawe ukawa unauliza, "Wameona nini?" mpaka ukafa. Nikatangaza kilabuni: kwangu hata tone!

Lakini hawa hawakuanza na sindano. Waliita mkutano, kazi yenyewe ipangwe na sisi. Tukakaa kwenye lile ghala la ushirika. Siku hizi amelikodi Salumu, mfanyabiashara wa Makambako, akatusogezea magunia yake tukalie. Nikasimama wa kwanza. Nani mwingine? Kijana mmoja nyuma akasema, "Tumekwisha, leo hatuli!"

Nikasema: "Kwetu mtu akiposa, ugonjwa wa ukoo hauulizwi hadharani. Mshenga huenda kwa shangazi, wakaongea jikoni, na la jikoni hubaki jikoni. Ninyi mnatuuliza sokoni?"

Daktari mwenyewe binti mdogo, umri sawa na kitindamimba wetu. Hakukasirika. "Basi babu, mngependa tufanyeje?"

Mama Upendo, mimi nimeamriwa na mkoloni, nimeamriwa na mtendaji, nimeamriwa na bwana shamba. Kuulizwa? Nikamgeukia dada yangu anisaidie. Mimi!

Naye akaniokoa. Akasema kila nyumba ichague mtu wake wa kupokea majibu, jikoni. Majina ya koo yasiandikwe. Damu isivuke mpaka wa nchi bila wao kurudi kutuuliza. Hapo ulimi wangu ukapona, nikaongeza: majibu yarudi, mazuri na mabaya, maana mke wangu amekufa akiyasubiri. Binti akasema mengine yatachelewa sana, ila watakuja hata kutuambia kwamba bado hawajui. Hilo nililipenda. Wale wa kwako hata "bado" hawakukuletea.

Nikakaa, nimeshinda. Ndipo Upendo akasimama nyuma yangu na sweta lake analofuma.

"Baba, macho ni yangu. Jamani, mimi sioni. Bibi yangu naye hakuona. Si moshi."

Nikainamisha kichwa, nikangoja kicheko. Hakikuja. Mama mmoja wa upande wa Lupembe akasema, "Kaka yangu naye hivyo hivyo, tunasema alipigwa na tawi." Kisha mwingine. Salumu akaitikia mlangoni, "Hata kwetu Kondoa, babu yangu." Mkutano ukakubaliana ugonjwa wa macho utangulie katika kazi yao.

Kwa hiyo usinilaumu. Hakutangazwa, amejitangaza. Na sasa watu wakimkuta njiani wanataja majina yao kwanza: "Kamwene, Upendo, ni mimi fulani." Zamani walimpita kimya, wakidhani ana maringo. Mimi nalala, mke wangu. Moshi ulikuwa mzito kuubeba.

Pumzika sasa. Majibu yakija nitakuletea hapo kaburini mwenyewe, hata yakiwa ni "bado" tupu. Nawe unajua nikisema nimesema.

Ukidhani najisifu tu, mashahidi ninao. Dada yangu yupo. Salumu wa Makambako yupo. Na mwanao yupo hapa namsomea barua hii, anasema nimeacha jambo moja, kwamba aliposimama kusema alinishika bega na bega lilikuwa linatetemeka.

Ilikuwa baridi ya Juni.

Mumeo,
Baba Upendo