Usilipe Ada ya Mlima

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Je, kile kikohozi cha mdogo kimemwachia? Mimi ni mzima, ila goti bado. Kukanyaga cherehani kutwa nzima kwa goti hili ni adhabu, na fundi mkuu hataki kusikia habari zake. Anataka sare ziishe kabla shule hazijafunguliwa.

Umeniuliza kama ujiunge na chama cha wapanda milima, maana shemeji yako anakuandama ulipe ada. Ada yetu ya mwaka, mtu na mkewe, ingeninunulia mota ya cherehani nikapumzisha miguu. Badala yake tulipewa fulana mbili zinazochuja rangi, na ruhusa ya kuchoka pamoja na watu wenye fimbo za bei mbaya. Mlima wenyewe uko wazi, kaka. Mbuzi wanaupanda bure.

Nilipolalamika, kiongozi wao, tunayemwita Kamanda, aliniambia ada ni ya usalama. Kila safari mtu mmoja huvaa kizibao cha njano na kutembea nyuma ya wote. Wanamwita Mkia. Mkia hampiti mtu, hata mtu huyo akitambaa. Kizibao kikionekana kileleni, Kamanda anajua wote wamefika. Wanapiga picha, kisha wanashuka kwa njia ya upande wa pili. Nikasema haya, hapo nimeelewa.

Siku ile goti liliposhtuka nilikaa juu ya jiwe, Mkia akasimama kando yangu. Wenzake huko juu wakaanza kumtania kwamba amegeuka yaya. Akaniambia nipumzike, anakimbilia bendeji, anarudi sasa hivi. Hakurudi. Kizibao kilifika kileleni, picha ikapigwa, wakashukia upande wa pili. Mimi niliteremka kwa makalio, mtu mzima na akili zangu, nikilia kwa hasira, mpaka mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni akanishika mkono.

Nyumbani mmeambiwa kwamba niligeuza njia kwa ukaidi wangu nikapotea. Mama kanisema mpaka akachoka, nami nikanyamaza, kwa sababu aliyemweleza hivyo ndiye aliyekuwa Mkia. Ni shemeji yako, kaka. Mume wangu alinipita. Nilipomuuliza kwa nini, alisema asingeweza kukosa picha kwa ajili ya goti la mwanamke, tena nisimwaibishe mbele za watu. Nimemsitiri kiasi cha kutosha. Sasa basi.

Kwa hiyo ada usilipe. Jumamosi wanapanda tena, naye hakosi. Akishaondoka, njoo na gari tuhamishe vitu vyangu. Mama usimwambie kwanza, nitamweleza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi