Barafu za Vijiti Zilizokataa Kushika

Kericho,
Jumapili jioni

Dada yangu Wakesho,

Natumaini barua hii inakukuta umeshika jembe na si mkongojo, maana mara ya mwisho uliniambia goti limeanza kukusumbua. Je, mvua imefika Mwatate? Mama anakula vizuri, au bado anasukuma sahani? Mimi ni mzima. Huku mvua ya mawe hunyesha karibu kila alasiri, na majani ya chai kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yametobolewa kama chujio.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ilikuwa ngumu, nikakuambia nitaandika. Jambo lenyewe ni hili: jirani yangu alinichafulia jina, nami nimemlipa.

Unajua kwamba tangu gazeti lilipoacha kunihitaji, naishi kwa kuuza barafu za vijiti. Watu wa mjini hapa walinicheka. "Baridi hii yote, Madam, nani atalamba barafu?" Lakini sikuwa na nia ya kuwauzia wao. Nagandisha huku juu, kisha siku za soko nashuka nazo Soin, ambako jua hupiga mpaka mbuzi wanalala chini ya magari.

Nina za nanasi na mnanaa, karakara na mchaichai, matunda damu na rozmari, na za chai kavu yenye limau. Majani nayaloweka kwenye maji moto ya sukari, kisha nayatoa kabla ya kugandisha, kwa sababu jani likiganda linakuwa jeusi na mteja anadhani ni mdudu. Sukari naitia nyingi kidogo kuliko ya juisi ya kunywa, maana baridi huua utamu. Ile iliyopendwa kuliko zote naiita Dawa. Ladha yake niliijua kwenye baa za hoteli nilizolala nikiwa kazini: limau, asali na vodka. Mimi sitii vodka. Ule ukali nautoa kwenye tangawizi iliyopondwa na kukamuliwa, ganda la limau lililokunwa, na chembe chache za pilipili manga. Ukilamba, koo linawaka na unaapa kuna kitu.

Mama Cherono tunapakana ukuta. Kwa miaka minne tumepeana chumvi na kuchungiana milango. Nilimfundisha kutengeneza barafu zote isipokuwa Dawa. Siku moja alionja, akafumba jicho moja.

"Weh! Hii inachoma kama ile ya wazee. Umeweka nini hapa?"

"Siri ya jikoni," nikamjibu nikicheka. Ningemwambia tangawizi, mambo yangeishia hapo.

Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka Soin na mzigo wangu mzima. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono asinikaribie. Niliuliza watu watatu, kila mmoja peke yake, na wote walinipa maneno yaleyale: Mama Cherono ameambia kina mama wa kanisa, wa huku na wa Soin, kwamba nawawekea watoto pombe. Wiki hiyohiyo alianza kuuza zake, za nanasi na mnanaa, karakara na mchaichai, mpaka vikombe vya kugandishia vikiwa kama vyangu.

Kisha Mama Chebet wa Soin akanipigia simu, yule aliyekuwa ameniagiza barafu mia mbili za koito ya binti yake, siku ambayo ukoo wa kijana huja kukubaliana mahari.

"Madam, usikasirike. Unajua mzee yangu ni mzee wa kanisa. Hiyo kazi nimepea Mama Cherono. Lakini wewe kuja tu, ukule na sisi."

Nikasema nitakuja.

Elewa hali yangu, dada. Bila Soin sina kazi. Mwezi mmoja zaidi ningefunga mizigo nirudi kwenu na umri huu, na huku nyuma ningebaki yule mwanamke aliyelewesha watoto wa watu.

Siku moja kabla ya koito, Mama Cherono alibisha mlango wangu akiwa na kikombe mkononi. Hakuona haya.

"Saidia mwenzako. Hizo zingine zimeshika vizuri. Hii Dawa nayo imelala kwa friza siku mbili, bado ni uji tu."

Nilinusa. Vodka, na si tone. Mwanamke huyu alikuwa ameamini uongo wake mwenyewe. Alidhani kweli hiyo ndiyo siri yangu, akaitia, akitumaini ikishaganda hakuna atakayejua. Pombe kali haigandi kwenye friza ya nyumbani, hata uiache mpaka Krismasi. Ningeweza kumwambia.

"Ongeza muda," nikasema.

"Mpaka kesho?"

"Mpaka kesho."

Akanishukuru. "Kongoi, Madam. Mungu akuone."

Asubuhi niligandua Dawa zangu sita, nikazitia pamoja na mabonge ya barafu kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, nikaenda koito.

Baada ya chakula Mama Cherono alileta sanduku lake la baridi. Watoto wakajipanga. Nilitembea nikasimama kati yao na sanduku, kwa sababu ugomvi wangu haukuwa na watoto.

"Mwenye boma aonje kwanza," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wageni.

Wageni wakapiga makofi. Mama Cherono hakuweza kukataa. Alichagua kikombe cha Dawa kilichoonekana kigumu kuliko vingine, lakini mzee, mume wa Mama Chebet, alipovuta kijiti, kilitoka peke yake. Watu wakacheka. Mzee akanywa kutoka kwenye kikombe, kisha akakishusha polepole.

"Hii ni nini?"

"Mzee, hiyo ni ya Madam," Mama Cherono akasema haraka. "Mimi nimefuata tu vile yeye hutengeneza."

Nilikuwa nikingoja sentensi hiyo. Nikafungua chupa yangu.

"Pombe kali haishiki baridi, mzee. Yangu ndiyo hii. Gonga."

Akaigonga kwenye ukingo wa meza. Ikalia kama jiwe. Akaing'ata, akakohoa, akaing'ata tena.

"Hii ni tangawizi!"

Bibi mmoja wa upande wa kijana akauliza, "Sasa huyu mwingine alitaka tulewe kwanza ndio tuhesabiwe ng'ombe?"

Boma zima likacheka. Mama Cherono alibaki ameshika kifuniko cha sanduku.

Jumapili iliyofuata mzee alimsimamisha Mama Cherono wakati wa matangazo, naye akakiri mbele ya kanisa kwamba alinisingizia. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nilifika mapema ili nilipate. Soin wananunua tena, na Mama Chebet ameniagiza za harusi yenyewe.

Juzi Mama Cherono alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuchachuka, akakiweka mlangoni kwangu. "Tumalize haya maneno, Madam," akasema. Kibuyu alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Nilikunywa maziwa yote. Yalikuwa mazuri sana. Huku chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kaa la mti wao, kamwe si kwa sabuni, kwa sababu sabuni huingia ndani ya ngozi yake na hakifai tena maziwa maisha yake yote. Nimeishi hapa miaka ya kutosha kuyajua yote mawili. Nilikiosha kwa sabuni ya unga, mara mbili, nikamrudishia kitupu.

Najua ungenikataza. Ndiyo maana nimekuandikia baada ya kukiosha, si kabla.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii ila uruke kibuyu. Shemeji mwambie apumzishe mgongo. Mghoi, binti yako, nimemwandikia vipimo vya nanasi na mnanaa nyuma ya karatasi hii. Majirani zenu wa upande wa kisima nao wape salamu, lakini wasionyeshwe vipimo.

Ni mimi mdogo wako, mwenye afya na usingizi mzuri,

Mkawasi